Divai nyeupe ya Dodoma yawapa wakulima wa Kalemie somo

KALEMIE – Ukivuka ziwa Tanganyika hadi bandari ya Kigoma, kisha ukafuata reli kuelekea Dar es Salaam, unafika Dodoma. Huko familia nyingi zinaishi kwa zabibu, na sehemu ya mavuno inatoa divai nyeupe yenye harufu nzuri.

Mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki. Kanisa linataka divai ya Misa itoke kwenye zabibu tu. Pombe ya ngazi haikubaliwi. Wakaaji wa Kalemie wanalijua jambo hilo tangu zamani, kwani Wapadri Weupe walifika Mpala, kusini mwa mji, mwaka 1885.

Zabibu nyeupe inayolimwa sana Dodoma ni Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa. Zikikamuliwa, maji yake yanatengwa haraka na maganda, kisha yanachachuka polepole mahali penye baridi. Joto likizidi, harufu inapotea. Watengenezaji wengine wanachanganya aina mbili au tatu: moja inaleta ukali kidogo, nyingine, kama Muscat, inaleta harufu ya maua.

Dodoma iko juu, karibu mita 1.100, na mvua yake ni chache. Mkulima anapogoa mizabibu, anamwagilia, anaweka samadi ya ng'ombe na mbuzi, na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kalemie ni tofauti. Hapa mvua inanyesha miezi mingi na hewa ya ziwa ina unyevu, hali inayoleta ukungu kwenye majani na matunda. Kuleta miche peke yake hakutoshi.

Lakini hata Dodoma, shida kubwa inaanza baada ya mavuno. Zabibu iliyoiva haingoji: asipopatikana mnunuzi kwa siku chache, inaoza, na mkulima analazimika kukubali bei yoyote. Familia yenye mashine ya kukamua na tangi safi inaweza kuhifadhi mavuno yake kama divai na kungoja bei nzuri.

Wavuvi na wakulima wa Kalemie wanaielewa hesabu hiyo. Samaki mbichi hushuka bei jioni, lakini aliyekaushwa anasafiri mbali. Ngazi huharibika, lakini mawese hukaa. Kwa zabibu ni vilevile: anayekamua mwenyewe ndiye anayeweza kungoja bei.