Usitengeneze Pasi Ikiwa Kwenye Soketi

Fikiria jioni ya mwezi wa Julai hapa Mwazye, baridi ya Ufipa imekaza. Tangu mchana pasi ya umeme imekataa kupata moto, na kesho watoto wanatakiwa kuvaa nguo zilizonyooshwa. Mara yuniti za luku zinakwisha na taa zinazimika. Baba anaona huo ndio wakati mzuri wa kuitengeneza, maana umeme haupo. Anawasha tochi, anakaa sakafuni, anafungua skrubu kwa ncha ya kisu na kuanza kuvuta nyaya. Plagi imebaki ukutani. Wakati huo huo kijana wake yuko kwenye mita, anaingiza tokeni aliyonunua kwa simu. Tarakimu ya ishirini inapokubaliwa, umeme unarudi nyumba nzima, na baba ana waya mkononi.

Tangu nguzo za umeme zianze kusambazwa vijijini na REA, wakala ulioanza kazi mwaka 2007, nyumba nyingi zina pasi, redio, hita ya maji na birika la umeme. Vifaa hivi vikiharibika, kila mtu hujaribu kuwa fundi. Kujaribu si kosa. Kosa ni kudhani kwamba umeme uliokatika ni sawa na plagi iliyochomolewa. Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi, na anayeurudisha hajui wewe umeshika nini. Hata testa haikusaidii hapo: itakuonyesha kwamba waya hauna kitu, na itakuwa imesema kweli kwa dakika hiyo tu.

Usitegemee swichi ya ukutani pia. Katika nyumba iliyofungwa nyaya vibaya, swichi huweza kukata waya wa kurudisha umeme badala ya ule unaouleta. Kifaa kinazima, lakini ndani yake umeme bado umo.

Wazee wa Ufipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, malungu. Chuma cha moto hujitangaza kwa wekundu wake na joto lake, hata mtoto hukaa mbali. Waya wenye umeme haufanyi hivyo. Ukiuweka kando ya waya usio na umeme, macho hayaoni tofauti.

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia kama robo ya ampea. Hata sehemu moja ya nane ya kiasi hicho, ikipita kifuani, yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kiasi kidogo zaidi ya hicho hukaza misuli ya mkono, ukashindwa kuachia ulichokishika. Ndiyo maana aliyenaswa haruki pembeni kama watu wanavyodhani.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa skrubu yoyote, chomoa plagi na uiweke mbele yako unapoiona. Pasi na hita ziache zipoe kwanza. Televisheni usiifungue kabisa, hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu baadhi ya vipuri vyake hutunza umeme kwa muda. Hiyo mpelekee fundi aliyesomea kazi hiyo.

Sasa tuangalie waya unaodharauliwa kuliko wote, wa kijani wenye mstari wa manjano. Huu ni waya wa ardhi. Wengi wakibadilisha waya wa pasi hununua wa nyuzi mbili kwa kuwa ni rahisi, kisha plagi ikikataa kuingia huchomeka kalamu katika tundu la juu la soketi ili ipite. Pasi inapata moto, na kila mtu anafurahi. Lakini siku waya wa ndani ukiungua na kugusa bati la pasi, bati lote linakuwa na umeme. Waya wa ardhi ungeupeleka umeme huo ardhini, na fyuzi au swichi ya kinga ingekata. Usipokuwapo, njia iliyobaki ni mwili wa anayepiga pasi, hasa akiwa pekupeku juu ya sakafu yenye unyevu. Pasi iliyokuja na nyuzi tatu irudishiwe tatu.

Fyuzi ikiungua, usizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ni kiungo dhaifu kilichowekwa makusudi kiungue kabla waya haujawasha nyumba. Pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4 na kitu, hivyo fyuzi ya ampea 5 yatosha.

Ukimkuta mtu amenaswa, usimshike. Zima swichi kuu kwenye mita. Ikiwa huwezi kuifikia, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Hilo ni kwa umeme wa ndani ya nyumba tu. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mbali kabisa, zuia watu wasisogee na uwaarifu TANESCO.

Akishaachana na umeme, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri. Usiache mpaka apumue au mhudumu wa afya afike. Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, ukiwa umehakikisha umeme umezimwa. Usimpake dawa ya meno wala mafuta. Hata akisimama na kusema yuko salama, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, kwa kuwa kidonda cha umeme huweza kuwa kidogo juu ya ngozi na kikubwa ndani, na moyo nao unahitaji kupimwa.