Antibiotiki mjini Likasi: piga hesabu ya kozi nzima

Ukisimama mbele ya farmasi huko Kikula au Panda, swali linalosikika zaidi ni hili: kidonge kimoja ni franka ngapi? Swali hilo linawapotezea watu fedha na afya, kwa sababu bei ya antibiotiki ni ya kozi nzima.

Tuchukue nimonia isiyo kali ya mtu mzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka amoksisilini gramu 1 mara tatu kwa siku, kwa siku 5. Kwa kapsuli za miligramu 500 hizo ni 30, yaani plaketi 3 za kumi kumi. Anayenunua kapsuli 6 hupata nafuu kidogo, kisha homa inarudi. Sasa anapelekwa kwenye sindano za seftriaksoni: chupa ya dawa, sirinji, maji ya kuchanganyia, malipo ya muuguzi na nauli ya pikipiki kila siku. Plaketi 3 alizoziona ghali zingekuwa nafuu.

Na sindano hiyo si lazima iwe na nguvu zaidi. Amoksisilini na seftriaksoni ni ndugu: zote huvuruga ujenzi wa ukuta unaomzunguka bakteria, naye hupasuka. Seftriaksoni inafikia aina nyingi zaidi za bakteria, ndiyo maana inafaa kuhifadhiwa kwa ajili ya mgonjwa mahututi. Nyingine hufanya kazi kwa njia tofauti: siprofloksasini huzuia bakteria kunakili jeni zake, nazo azithromaisini na doksisiklini humzuia kutengeneza protini. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Amoksisilini na doksisiklini zimo katika kundi la kwanza. Siprofloksasini, azithromaisini na seftriaksoni zimo katika la pili. Mimi naona inauma kwamba tunakimbilia la pili kwa kila kikohozi, hali kikohozi cha mafua ni cha virusi, ambavyo antibiotiki yoyote haivigusi.

Kwa mtoto mwenye nimonia, chaguo ni kati ya sharubati na kidonge cha amoksisilini cha kuyeyushwa. Mimi ningechagua kidonge. Kinayeyuka katika maji kidogo safi au maziwa ya mama, hakihitaji friji, na kipimo chake hakitegemei ukubwa wa kijiko cha nyumbani. Sharubati ikishachanganywa na maji haikai muda mrefu.

Rahisi nayo ina mtego wake. Kotrimoksazoli ni ya bei ya chini, lakini bakteria wengi wanaosababisha maambukizi ya njia ya mkojo wameshaizoea. Mama anayeungua akikojoa amuulize muuguzi kuhusu nitrofurantoini, ambayo kozi yake ya kawaida ni siku 5.

Tifoide ndiyo inayokula fedha nyingi bila sababu. Kipimo chake cha Widal hukosea mara kwa mara, na mtu mwenye malaria anaweza kuondoka na mfuko wa siprofloksasini. Homa ikipanda, lipia kwanza kipimo cha malaria, maana siprofloksasini si tiba ya malaria. Tifoide huthibitishwa vizuri zaidi kwa kuotesha damu maabara.

Dawa za sinia zinazotembezwa juani sizipendekezi hata kwa nusu ya bei. Joto na unyevu huharibu amoksisilini, na kapsuli iliyotolewa kwenye plaketi yake haionyeshi tarehe ya mwisho wala jina la aliyeitengeneza.

Kama fedha yako haitoshi kozi nzima, mwambie muuguzi kabla hajaandika. Anaweza kukuandikia dawa nyingine ya kundi la kwanza unayoimudu mpaka kidonge cha mwisho.