Nuru Ifichuayo Sumu

Macho ya mwanadamu hayawezi kuona kila sumu. Mnunuzi husimama mbele ya fungu la nyanya, huigeuza moja, huibonyeza, huinusa, kisha hutoa fedha yake akiamini kwamba amechagua vema. Lakini dawa ya wadudu iliyosalia kidogo juu ya ganda mara nyingi haina rangi wala harufu ya kumwonya. Nyanya iliyonyunyiziwa jana na ile iliyonyunyiziwa mwezi uliopita hufanana kama mapacha.

Yafaa wafanya kazi na wakulima wajue kwamba iko elimu iwezayo kuifichua sumu hiyo kwa dakika chache. Tena yafaa waulize: chombo hicho kitawekwa mikononi mwa nani?

Elimu hii ilizaliwa India, wakati nchi ile ilipokuwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Tarehe 28 Februari 1928, mjini Calcutta, C. V. Raman na mwenzake K. S. Krishnan, wakitumia vyombo vya gharama ndogo, walithibitisha kwamba nuru ya rangi moja ikipigwa kwenye kitu, sehemu ndogo sana ya nuru hiyo hutoka ikiwa imebadilika rangi. Mabadiliko hayo huletwa na mtikisiko wa molekuli za kitu chenyewe, na kila aina ya molekuli hutikisika kwa namna yake. Basi nuru itokayo hapo ni kama alama ya kidole gumba: kwa hiyo twaweza kumtambua mwenyewe ingawa hatujamwona uso. Mwaka 1930 Raman alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye akawa mtu wa kwanza wa Asia kupata tuzo hiyo katika sayansi.

Hata hivyo alama hiyo ni hafifu mno. Katika chembe milioni kumi za nuru, ni kama moja tu ibadilikayo. Kwa sababu hiyo mabaki madogo ya dawa yaliendelea kujificha kwa miaka mingi.

Mlango ulifunguka mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Fleischmann, Hendra na McQuillan waliona alama yenye nguvu ya ajabu kutoka kwa molekuli zilizoshikamana na kipande cha fedha kilichokwaruzwa. Mwaka 1977 wataalamu wengine walionyesha kwamba madini yenyewe ndiyo yaliyoikuza alama ile, mara laki moja hata mara milioni. Nuru ikiipiga fedha au dhahabu iliyo katika vipande vidogo mno, elektroni za madini huyumba pamoja, na nguvu ya nuru hukusanyika penye nyufa na ncha zake. Vipande hivyo hupimwa kwa nanomita, nayo nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Xiamen, China, walichukua chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 55 hivi, wakazivika ganda jembamba la silika, wakazitandaza juu ya chungwa lenye dawa iitwayo parathioni. Bila chembe hizo, nuru ya leza ilionyesha ganda la chungwa tu. Pamoja nazo, parathioni ikaonekana. Mwaka 2022 watu wa Karolinska Institutet, Stockholm, walinyunyiza chembe za fedha juu ya kioo kwa njia ya moto. Walipangusa tofaa kwa pamba, wakayeyusha kilichonaswa, wakadondosha tone juu ya kioo kile, na kwa muda wa kama dakika tano wakaitambua parathioni, tena tofaa likabaki zima.

Kwa nini tuyashughulikie mambo haya? Tarehe 16 Julai 2013, katika shule ya kijiji kimoja cha wilaya ya Saran, jimbo la Bihar, katika India ile ile ya Raman, watoto walipewa chakula cha mchana. Watoto 23 walikufa. Maabara ilikuta monokrotofosi, dawa ya wadudu, ndani ya mafuta yaliyopikiwa na ndani ya chakula. Jibu hilo lilitangazwa siku chache baadaye. Majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu aliwakuta watoto wamekwisha zikwa.

Ule ulikuwa msiba wa sumu nyingi kwa mara moja. Mabaki yaliyo juu ya matunda ni kidogo, wala hayaui mlaji papo hapo. Ndiyo maana ni rahisi kuyapuuza. Tangu mwaka 1963 kuna Codex Alimentarius, ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, inayoweka vipimo vya chakula kwa mataifa yote. Huko Ulaya, dawa isiyowekewa kipimo chake maalum hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.01 katika kilo moja, yaani gramu moja katika tani mia moja. Lakini kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi hakimlindi mtu ikiwa hakuna anayepima.

Tusidanganyane, chombo hiki si hakimu wa mwisho. Uchafu wa ganda huweza kuichafua alama. Kukadiria kiasi cha sumu ni kazi ngumu kuliko kutambua kwamba ipo. Na dawa iliyokwisha kuingia ndani ya nyama ya tunda haipatikani kwa kupangusa juu. Maabara kubwa, zinazosaga chakula na kuzitenganisha kemikali zake, hazina budi kuendelea. Nuru hii ni chekeche la kwanza: hutenga mzigo wa kupelekwa maabara kabla haujauzwa.

Ndiyo maana mahali pake hasa ni penye lango la soko na ghala la ushirika, wala si bandarini tu, ambako mlaji wa mbali hulindwa na mlaji wa karibu husahauliwa. Wala kisigeuzwe rungu la kumpigia mama muuza nyanya, ambaye hakuinyunyiza yeye. Aulizwe kwanza aliyeuza dawa bila maelezo, na mkulima afundishwe siku za kungoja baina ya kunyunyiza na kuvuna. Mkulima huyo ndiye anayeivuta dawa puani kabla ya mtu mwingine yeyote kuila.

Nuru ni ya wote. Chombo cha kuitumia nacho kiwe karibu na watu wote wanaokula.