Goma: Wasaidizi wa utafiti wanaopima volkano, ziwa na mazuku

Mjini Goma, kijana anayemaliza masomo ya fizikia kwenye chuo kikuu mara nyingi hufikiriwa kuwa mwalimu wa sekondari. Lakini kuna kazi ingine inayomngoja: kuwa msaidizi wa utafiti kwenye volkano ya Nyiragongo na Ziwa Kivu, ambapo fizikia haiwezi kutembea peke yake.

Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kilianzishwa mwaka 1986. Msaidizi hubeba betri mgongoni, husafisha paneli za jua, hukagua vyombo vinavyoandika matetemeko ya ardhi na vya GPS vinavyoonyesha kama ardhi imesogea hata milimita chache. Jioni anakaa mbele ya kompyuta kutenganisha mtikisiko wa volkano na ule wa lori linalopita barabarani.

Ziwani kazi inabadilika. Chombo kinashushwa kwa kamba ili kupima joto na chumvi ya maji, kwenye ziwa lenye kina cha karibu mita 485. Maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, kwa hiyo hayapandi juu. Ndiyo yanafunga gesi huko chini: karibu kilometa za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za metani. Sehemu kubwa ya metani hiyo inatengenezwa na vijidudu. Mwanafizikia asiyesikilizana na watu wa kemia na biolojia hataelewa kitu. Na hatari si hadithi: mwaka 1986, gesi iliyotoka Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu karibu 1.700 usiku mmoja.

Halafu kuna mazuku. Kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Inajaa kwenye mashimo, zaidi asubuhi wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupona, lakini mtoto au mbuzi anaanguka. Kabla ya kutoa chombo chake, msaidizi anauliza wakaaji: mama anayelima karibu anajua shimo gani linaua mifugo. Neno mazuku lenyewe limetoka kwa wakaaji, na leo wanasayansi wa dunia wanalitumia.

Somo la mwaka 2021

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka karibu bila dalili. Lava ilitiririka kwa muda wa saa sita hivi, ikaua watu na kuchoma nyumba kaskazini mwa mji. Utafiti uliotoka mwaka 2022 kwenye jarida la Nature ulieleza kwamba inaonekana ubavu wa mlima ulipasuka kwanza. Kisha magma ikasafiri kilometa 25 kuelekea kusini, chini ya Goma, Gisenyi na ziwa, mahali pengine chini ya mita 500 tu kutoka uso wa ardhi.

Vyombo havikuweza kutabiri mlipuko. Lakini siku zilizofuata, ndivyo vilivyoonyesha magma inaelekea wapi, na tarehe 27 viongozi wakaamuru wakaaji wa sehemu kubwa ya mji wahame. Bila vipimo vya miaka iliyotangulia, hakuna angejua kilichobadilika.

Kazi hiyo inadai pesa na usalama. Kabla ya mlipuko huo, kituo kilikaa miezi bila intaneti ya kupokea data. Vita pia hufunga njia za kufikia vyombo, na betri ikikufa mahali pasipofikika, sehemu hiyo ya mlima inanyamaza.

Kwa mwanafunzi anayependa kazi hii, hesabu nzuri haitoshi. Anahitaji kujua programu za kompyuta, kuandika daftari la vipimo bila kuruka siku, na kuongea na wakaaji kwa lugha yao. Wao ndio wa kwanza kuona maji ya chemchemi yakipata joto au mbuzi wakifa shimoni.