Ikarabatiwe au inunuliwe mpya? Jinsi bunduki ya 1988 ilivyoongezewa mita 400

Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Afghanistan walikuwa na tatizo ambalo ushujaa haukuweza kulitatua. Walikuwa wanashambuliwa kutoka mbali kuliko bunduki zao zilivyoweza kujibu.

Nchi ile ni ya milima na mabonde mapana. Mpiganaji wa Taliban anajibanza upande wa pili wa bonde na bunduki ya rashasha aina ya PKM, anamwaga risasi, kisha anatokomea nyuma ya mwamba. Mwaka 2009 ofisa wa jeshi la Marekani, Meja Thomas Ehrhart, aliandika kwamba karibu nusu ya mapambano kule yalitokea umbali unaozidi mita 300, wakati askari wa kawaida hakuandaliwa kupigana mbali kiasi hicho.

Tegemeo likabaki kwa wadunguzi. Nao walikuwa wanatumia M24, bunduki iliyoingia jeshini 1988, inayoaminika hadi kama mita 800 hivi. Jeshi likataka mita 1,200.

Hapo ndipo swali likaja: zikarabatiwe, au ziwekwe kando zinunuliwe mpya?

Darubini nzuri haiipi risasi nguvu

Wengi wangeanza na darubini. Ukiona mbali si utapiga mbali? Hapana. Ni kama simu: unaweza kuiwekea kioo kipya kinachong'aa, lakini kama betri ni ileile, itazima saa ileile.

Risasi ya M24 ni ya milimita 7.62, ile ya kawaida ya NATO. Inatoka kwenye mtutu kwa kasi ya karibu mita 790 kwa sekunde, na kila inavyosonga, hewa inaipunguza kasi. Ikishuka hadi kukaribia kasi ya sauti, ambayo ni karibu mita 340 kwa sekunde, inaanza kuyumba. Upepo nao unaisukuma pembeni. Mdunguzi anaweza kuwa anamwona adui vizuri kabisa, ila risasi yake haiaminiki tena.

Kwa hiyo darubini mpya, kitako kipya na vikorokoro vingine vingeongeza usahihi wa bunduki, lakini mita 400 za ziada zisingepatikana humo. Zilihitaji risasi nyingine.

Nafasi iliyoachwa tangu 1988

Iliyochaguliwa ni .300 Winchester Magnum. Unene wa kichwa cha risasi hii ni uleule wa ile ya zamani. Tofauti iko kwenye ganda: ni kubwa zaidi na linabeba baruti nyingi zaidi. Risasi ya zamani ilikuwa na uzito wa gramu 11 na ushee. Mpya ni gramu 14, na bado inatoka kwa kasi kubwa zaidi, karibu mita 870 kwa sekunde. Tena Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa tayari linatumia risasi za aina hiyo, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuanza kuzitengeneza kutoka sifuri.

Lakini je, ingeenea ndani ya M24? Risasi ya zamani, ukipima pamoja na ganda lake, ina urefu wa milimita 71. Hii mpya inafika karibu 85. Kwenye bunduki nyingi zilizoundwa kwa ajili ya 7.62, safari ingeishia hapo, maana chuma cha katikati, pale risasi inapoingizwa na kufungwa, hakirefuki.

M24 ilikuwa na bahati yake. Ilijengwa juu ya bunduki ya kiraia ya Remington 700, na jeshi lilichukua toleo lenye chuma kirefu kuliko risasi ya 7.62 ilivyohitaji. Miaka ile ya 1980 tayari kulikuwa na mawazo kwamba siku moja huenda ikahitajika risasi kubwa zaidi. Kwa zaidi ya miaka 20 bunduki hizo zilibeba nafasi isiyo na kazi. Mwaka 2010 nafasi hiyo ikapata kazi.

Septemba mwaka huo Remington wakapewa mkataba wa kufumua hadi bunduki 3,600, wenye kikomo cha dola milioni 28 na ushee. Ukigawanya, ni karibu dola 7,800 kwa bunduki moja. Si hela ndogo kwa kitu kinachoitwa ukarabati.

Nini kilibaki?

Kidogo sana. Mtutu ulibadilishwa. Kitako kikawa kipya, cha alumini na cha kukunjwa. Darubini ya kukuza mara 10 tu ikatolewa, ikawekwa inayorekebishwa kutoka mara 6.5 hadi 20. Kikaongezwa kifaa cha kupunguza mlio, pamoja na magazini ya kuchomoa yenye risasi tano. Hata sehemu inayoshika kitako cha risasi ilibidi ibadilike, kwa sababu ganda jipya ni nene zaidi. Cha zamani kilichobaki ni kile chuma cha katikati.

Mwanzoni iliitwa XM24E1, yaani M24 iliyoboreshwa. Baadaye jina likabadilishwa kuwa M2010, maana mabadiliko yalikuwa mengi mno kuendelea kuiita M24. Mwanzoni mwa 2011 ilikuwa tayari Afghanistan.

Gharama nyingine zilikuwa za kila siku. Baruti nyingi inakula mtutu haraka, na bunduki inapiga teke zaidi begani.

Waingereza walienda njia nyingine

Wao waliiacha L96 yao ya 7.62 na kununua L115A3 mpya, inayotumia risasi nene zaidi, ya milimita 8.59. Novemba 2009, huko Musa Qala mkoani Helmand, Koplo Craig Harrison aliitumia kuwapiga wapiganaji wawili wa Taliban waliokuwa na rashasha, umbali wa mita 2,475. Hilo si jambo la kila siku, na mwenyewe amesema hali ya hewa ilimsaidia. Ila risasi kubwa namna hiyo isingeingia vizuri kwenye M24. Kuitaka ilikuwa maana yake ni kununua bunduki mpya.

Wamarekani walikosea? Kwa wakati ule, pengine hapana. Vita ilikuwa inaendelea, risasi zilikuwepo, na wadunguzi walipata bunduki ambayo mikono yao ilishaizoea, miezi michache tu baada ya mkataba kusainiwa. Lakini ukarabati una kikomo, na chuma kile hakikuwa na nafasi nyingine ya kutoa.

Mwaka 2021 jeshi hilo lilisaini mkataba wa kununua bunduki mpya kabisa, Mk22 ya kampuni ya Barrett, ichukue nafasi ya M2010. Inafika mita 1,500 na inatumia aina tatu za risasi, ikiwemo ile ya 7.62. Mdunguzi anabadili mtutu mwenyewe, bila kuirudisha kiwandani.