Hadhira Nyingi, Ukurasa Mmoja

Mtu hazungumzi msibani kama anavyozungumza kijiweni, na huo si unafiki. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu kilichotoka mwaka 1956 baada ya utafiti wake kwenye visiwa vya Shetland, Uskoti, aliyafananisha maisha ya kila siku na jukwaa: mbele wapo watazamaji, na nyuma ya pazia mwigizaji hujipumzisha.

Pazia likianguka, taabu huanza. Mwaka 1985 mtafiti wa vyombo vya habari Joshua Meyrowitz alitoa mfano wa Stokely Carmichael, mwanaharakati wa Weusi wa Marekani, aliyekuwa na namna moja ya kuwahutubia Weusi na nyingine ya kuwahutubia Wazungu. Redio na televisheni zilipowaleta wote mbele yake kwa mpigo, alishika lugha ya Weusi, na Wazungu wengi wakaingiwa na hofu. Mitandao ya kijamii imemfikisha kila mtu hapo alipokuwa Carmichael. Watafiti Alice Marwick na danah boyd, waliowachunguza watumiaji wa Twitter, waliiita hali hiyo kuporomoka kwa miktadha: bosi, mama mkwe na rafiki wa utotoni wanasoma neno lilelile.

Lakini watu hawakukaa kimya. boyd anaeleza habari za msichana mmoja wa Marekani aliyeachana na mpenzi wake, akaweka Facebook maneno ya wimbo wa kuchangamsha. Mama yake akadhani binti ana furaha. Rafiki zake, waliojua kwamba katika filamu ulimotoka, wimbo huo huimbwa na watu waliotundikwa msalabani, wakamtumia ujumbe wa pembeni kumuuliza kulikoni. Wanawake wa Pwani wanaijua mbinu hiyo tangu zamani: jina la kanga husomwa na mtaa mzima, mlengwa ndiye anayechomwa.

Kwa mwanafalsafa Helen Nissenbaum, aliyeandika mwaka 2004, faragha si kuficha tu. Ni habari kufuata njia inayostahili. Habari za ugonjwa alizotajiwa daktari zikimfikia mwajiri, haki imevunjwa hata kama hakuna uongo uliosemwa. Google Buzz, huduma ya kijamii ya mwaka 2010, ilikosea hapo hasa. Iliwaunganisha watumiaji na watu walioandikiana nao zaidi barua pepe, na orodha ya watu hao ikaweza kuonekana hadharani. Mwaka uliofuata Google ilikubaliana na serikali ya Marekani kwamba mwenendo wake wa faragha utakaguliwa na wakaguzi huru kwa miaka 20.