Jinsi Tunavyotengeneza Mfumo wa Kompyuta Zetu

Huenda umesikia kwamba kompyuta 14 za maabara yetu zimezeeka na yafaa ziwekwe stoo. Sababu ni kuwa Windows 10 iliyokuwamo iliacha kupewa matengenezo ya bure tarehe 14 Oktoba, 2025, nazo hazina nguvu ya kupokea Windows 11. Mimi sikubaliani na shauri hilo. Chuma kingali kizima; kilichopitwa na wakati ni mfumo tu, na mfumo waweza kubadilishwa. Nataka basi kueleza namna Chama chetu cha Kompyuta kinavyotengeneza mfumo mwingine, unaofaa shule isiyo na intaneti ya kutegemea.

Kwanza asili yake. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walianza kuunda Unix. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kerneli ya Linux, yenye tabia za Unix, ambayo leo kila mtu ana ruhusa ya kuinakili na kuibadili. Lakini kerneli peke yake ni kama injini iliyolala sakafuni karakana: haichukui abiria. Hapana budi iunganishwe na programu nyingi, na mkusanyo huo ndio uitwao distribusheni. Sisi tumechagua Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, kwa sababu ina chombo cha kazi hii hasa, kiitwacho live-build.

Wafungua folda tupu, waandika amri lb config, na mara huzaliwa humo folda ya maagizo. Ndani yake waandika orodha ya programu uzitakazo, kila moja mstari wake, katika faili ambalo jina lake huishia kwa .list.chroot. Hapa ndipo tulipobishana sana, maana kila mtu ana apendacho, na michezo ilikuwa na mawakili wengi! Mwisho tuliafikiana: XFCE, kwa kuwa ni nyepesi kwa mashine kongwe, LibreOffice ya kuandikia, Stellarium ya kutazamia nyota, na Kiwix, isomayo Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti. Mitihani ya miaka iliyopita tuliitia katika folda includes.chroot, chini ya etc/skel, na kila mtumiaji mpya huikuta katika folda yake mwenyewe.

Kisha huja amri sudo lb build. Kompyuta huleta msingi wa Debian kutoka mtandaoni, huingia ndani ya msingi huo na kupanga programu zetu, halafu huubana wote kuwa faili moja la ISO. Intaneti yatakiwa hapa tu. Kwa hiyo kazi hii twaifanyia mjini.

Faili hilo huandikwa katika flashi kwa amri dd. Tahadhari! Amri hii haiulizi mara mbili. Ukitaja diski ya kompyuta badala ya flashi, vyote vilivyomo vitapotea. Andika lsblk kwanza, ulinganishe ukubwa wa diski moja na nyingine.

Flashi hiyo huwasha kompyuta bila kugusa diski yake, hata mwenye shaka aweza kujaribu kwanza. Akiridhika, husakinisha, mradi tulipoandika lb config tuliongeza --debian-installer live. Mashine mbili za biti 32 bado zatutatiza, kwani Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chao.

Folda ya maagizo tumeihifadhi. Muhula ujao walimu wakitaka programu nyingine, tutaongeza mstari mmoja, tutaandika lb clean, kisha lb build. Mpaka sasa kompyuta tano zafanya kazi, na Kidato cha Pili wanazitumia. Mzazi atakayefika Siku ya Wazazi aulizie maabara. Tutampa flashi aiwashe mwenyewe.